Udongo wa Upande Wangu

Kibera, karibu na Olympic
19 Januari 2025

Yasin mwana wa Haroun,

Assalaam aleikum. Natumai wewe na mke wako Ciru mmeamka salama huko Gatina. Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Goti langu linauma asubuhi na kuniachia mchana. Fahima binti yangu bado anashona nguo za shule pale karibu na kwenu, na ndiye atakuletea barua hii. Ataiacha kwa saluni ya Ciru. Mpangaji wangu Mideva anakusalimu, wasichana wake wamefungua shule. Yule mkubwa, Daisy, sasa ni mrefu kuliko mimi.

Utashangaa kuona karatasi wakati kila mtu ana simu. Mwezi wa kumi na moja, mbele ya familia yote, ulisema hutagusa mzambarau wetu wa uwanjani. Nikakupigia baadaye, ukasema hukusema hivyo, ulisema utaangalia. Kwa mdomo ulisema na kwa mdomo ukakana. Siku hiyo nikafunga namba yako. Ukitaka kuongea na shangazi yako, andika kwa mkono wako, uweke tarehe, utie sahihi.

Sasa maneno yenyewe. Jana amekuja mtu anaitwa Githinji, anasema umempa kazi ya mjengo. Amepiga vigingi na kamba kwenye nusu yako ya ploti. Ni yako, baba yako alikuachia, sina ubishi. Lakini kamba yake moja inapita kati ya shina la mzambarau na ukuta wa vyumba vyangu. Akichimba msingi hapo atakata mizizi yote inayoushika mti upande wetu, na huo mti umeinama kwetu tangu sijaolewa. Nikamwambia, "Hapo kuna mizizi." Akanijibu bila kuniangalia, "Mathe, mti ni mti na nyumba ni nyumba."

Sikuambii usijenge. Nakuambia simama pale saa sita mchana, uangalie kivuli kinaishia wapi, na msingi wako uanzie hapo. Ndani ya kivuli lori lisipite, mchanga usimwagwe, na kama ni lazima kuchimba, wachimbe kwa jembe pole pole, wakikuta mzizi mnene wasimame. Si mengi. Njoo uone mwenyewe.

Shangazi yako,
Fatna

*

Gatina, Kawangware
2 Februari 2025

Shangazi Fatna,

Waaleikum salaam. Barua yako Ciru alinipatia Jumatatu jioni. Pole na goti. Sisi tuko fiti, saluni inaendelea, siku za wikendi Ciru hata chai hapati nafasi ya kunywa. Msalimie Fahima na Mideva. Ambia Daisy asiwe mrefu sana, atakosa mlango wa kuingilia.

Shangazi, si nilikuwa nimekuambia nitaangalia? Nimeangalia. Nimempigia Githinji nikamwambia awe mpole na mti. Huyo jamaa amejenga fleti nyingi hapa Gatina, anajua kazi. Anasema kusongeza msingi mpaka kivuli kiishe ni kunipokonya chumba kizima cha chini, na mimi nahitaji hicho chumba. Vya juu sivitaki, nataka cha chini kabisa, mlango unafungukia uwanja. Usiniulize kwa nini. Ni hesabu zangu.

Unasema nije nione. Nitakuja kazi zikipungua. Kwa sasa zimenibana vibaya, hata msikitini naenda kwa shida. Lakini Githinji ananitumia picha kila siku kwa simu, kwa hivyo ni kama niko hapo.

Usifikiri nimesahau mimi ni nani. Nililelewa kwa huo uwanja. Ni vile tu mambo yamebadilika.

Kijana wako,
Yasin

*

Kibera
9 Februari 2025

Yasin,

Salaam nyingi. Huku joto ni kali mpaka mabati yanalia, isipokuwa vyumba vilivyo chini ya mti. Mideva amehamisha jiko lake nje, anakaanga samaki wake kivulini kabla hajawapeleka barabarani. Zambarau za mwisho zimeanguka, uwanja wote umekuwa wa rangi ya wino na watoto ndimi zao vivyo hivyo. Fahima ameanza kununua tende, Ramadhani inakaribia.

Picha za Githinji hazikuonyeshi nyuma ya Githinji. Nitakuonyesha mimi. Lori la mawe liliingia Jumanne likageuzia chini ya mti, na udongo pale sasa umeshikana kama sakafu, maji hayaingii. Mchanga wameumwaga ukaegemea shina. Na wale wachanganyaji wa simiti, kila jioni wanaosha karai na koleo zao hapo hapo kwenye mizizi, maji ya kijivu yanazama chini. Nikiwaambia wanacheka. Mmoja aliniambia, "Shosho, hata wewe si utakufa siku moja?"

Mti mkubwa hautakufa kesho, Yasin. Huo ndio ubaya wake. Utakaa na majani mabichi mwaka mmoja, miwili, watu waseme mbona hakuna kitu, na wakati wote umeshaachia chini. Kule kijiji cha Raila, hapa hapa Kibera, kuna uwanja walikata mizizi kujengea choo. Mti ulisimama vizuri tu mpaka mvua ilipokuja, ukalalia nyumba mbili. Nilienda kwenye matanga ya waliokuwa ndani.

Hujanijibu kwa nini huji. Gatina si Mombasa. Ni pikipiki moja. Au siku hizi viatu vyako havikanyagi matope ya Kibera? Njoo siku ya kwanza ya mfungo, tufuturu pamoja, nitapika gurusa, zile chapati zetu nyembamba unazopenda. Ukae chini na mimi tuuangalie.

Shangazi yako,
Fatna

*

Gatina
16 Machi 2025

Shangazi,

Ramadhani karim. Mungu akubali saumu zenu. Najua nimechelewa sana, na najua uliweka sahani yangu siku ya kwanza. Fahima alimwambia Ciru. Nisamehe. Nilikuwa na mambo.

Ciru hajambo, anafunga na mimi hata kama hakuzaliwa kwa hiyo dini. Wiki jana alianguka na ndoo ya maji kwa ngazi, akaumia mkono kidogo, sasa amepona. Tunaishi ghorofa ya nne na maji hayapandi.

Msingi umechimbwa, umeona. Najua ulisimama hapo na kanga yako kichwani siku nzima, Githinji alinitumia picha yako akiuliza, "Ni nani huyu anahesabu jembe zangu?" Nilimwambia ni shangazi yangu, amheshimu.

Alisongeza kamba kidogo. Upande wako walichimba Ijumaa ukiwa msikitini, wakamaliza haraka, na wakarudisha udongo sehemu moja kwa sababu kulikuwa na maji. Hakuna kitu kikubwa. Mti uko. Mchanga nimesema utolewe kwa shina na utatolewa.

Tuombeane.

Yasin

*

Kibera
4 Aprili 2025

Yasin,

Idd mubarak, ingawa imepita. Tulikula vizuri. Fahima alishona gauni jipya la buluu na akanishonea mimi pia kwa kitambaa kilichobaki. Binamu zako wote walikuja kasoro wewe. Walipouliza, nilisema uko kazini.

Mvua imeanza. Huu mwaka imekuja na hasira, inanyesha kutoka alasiri mpaka watu wanalala. Msingi wako umejaa maji kama bwawa, na mafundi hawaji.

Mlango wa chumba cha Mideva umeanza kukwama. Mbao zimevimba kwa unyevu, nadhani. Tumeupiga randa kidogo, unafunga.

Umeandika, "hakuna kitu kikubwa". Mimi sikuuliza kama ni kikubwa au kidogo. Nilisema wakikuta mzizi wasimame. Hiyo Ijumaa niliporudi kutoka msikitini nilikuta udongo umerudishwa na kukanyagwa vizuri, vizuri kuliko mafundi wako wanavyofanya kitu chochote. Walifunika nini?

Niandikie.

Fatna

*

Gatina
13 Aprili 2025

Shangazi,

Salaam. Tuko salama. Huku pia ni mvua tu, na mtaro wa mbele ya saluni umefurika mara mbili.

Walifunika shimo. Ndio nilikuambia, kulikuwa na maji.

Shangazi, nauliza tu. Udongo wa upande wako uko sawa? Kati ya mti na ukuta wa Mideva. Haujainuka mahali, au kupasuka? Kama kuna kitu unaona, nijulishe.

Yasin

*

Kibera
16 Aprili 2025

Yasin,

Tuko salama, wote.

Udongo wa upande wangu uko sawa.

Kwa nini unauliza?

Fatna

*

Gatina
22 Aprili 2025

Shangazi,

Toka kwa nyumba. Utoe na Mideva na watoto na kila mtu aliye kwa vyumba vya chini ya mti. Sasa hivi, usingoje mvua.

Nimempigia Fahima, anakuja kuchukua hii. Nilimwambia aende tu akwambie kwa mdomo, akaniambia bila mkono wangu hutatoka, utasema ni njama ya kuhamisha wapangaji. Basi huu ndio mkono wangu.

Ile Ijumaa walikata mzizi. Mzizi mmoja mnene kama paja, ule unaenda chini ya chumba cha Mideva, na mingine midogo pembeni yake. Githinji alinitumia picha ukiwa umeshakatwa, mweupe ndani, unatoa maji. Akaniuliza afanye nini huyu mama akirudi. Nikamwambia afunike. Mimi ndiye nilisema. Nilifikiri mti mkubwa hivyo hauwezi kushikwa na mzizi mmoja.

Leo asubuhi alipita saiti kuangalia maji. Akanipigia akasema udongo upande wako umeinuka kama mkate, na kuna ufa mtu anaweza kuingiza mkono. Nikamuuliza mti ukianguka utaangukia wapi. Akasema, "Tulia boss. Ukianguka utaangukia kwao, si kwetu." Akacheka, Shangazi. Nimemfukuza kazi kwa hiyo hiyo simu, lakini hiyo haikusaidii wewe saa hii.

Kuna mtu wa kukata miti anaitwa Timothy, ana msumeno wa mafuta na kamba. Atakuja kesho asubuhi na mapema.

Toka.

Yasin

*

Kibera
27 Aprili 2025

Yasin,

Salaam aleikum. Nakuandikia nikiwa kwa jirani, kwenye meza ambayo si yangu. Sote tuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalotafuta.

Fahima alifika alasiri, amelowa mpaka ndani ya viatu, barua ameifunga kwa mfuko wa maziwa. Niliisoma nimesimama mlangoni. Sikuisoma mara mbili. Nilienda chumba cha Mideva, yeye alikuwa barabarani na samaki wake, watoto walikuwa ndani, Daisy anamfundisha mdogo wake hesabu juu ya kitanda. Nikawaambia tokeni. Wakataka kukusanya vitabu. Niliwapigia kelele kama sijawahi kumpigia mtoto wa mtu. Tukawatoa wote, hata yule mzee wa chumba cha mwisho asiyetaka kuacha redio yake.

Mideva alirudi akatukuta tumejikunyata kwa veranda ya jirani. Nikamwambia mti unaweza kuanguka. Akanitazama. Hakuuliza utaanguka lini. Aliuliza, "Mama Fahima, umejua tangu lini?"

Sasa nikuambie na wewe. Nilikuandikia udongo uko sawa. Haukuwa sawa. Tangu wiki ya Idd ulikuwa umeanza kuinuka, na ufa ulikuwa mwembamba kama uzi, ukawa kama kidole. Mlango haukukwama kwa unyevu. Mideva mwenyewe aliuona ufa akaniuliza, nikamwambia ni fuko. Nilimwangalia machoni nikamwambia ni fuko tu, halafu nikachukua jembe nikaufukia. Nilijua nikikuambia, utapata sababu unayoitaka na msumeno utaletwa siku hiyo hiyo. Nikasema mvua itaisha, mti utajishika. Nililaza watoto wa mtu chini yake kwa sababu ya hiyo hesabu yangu.

Kwa hivyo wewe ulijua chini na mimi nilijua juu. Tungekuwa tunaongea kama watu, tungejua mwezi mmoja mapema.

Mvua ilipiga jioni ile. Kabla ya magharibi tulisikia mlio, si mkubwa, kama gunia zito linaburutwa. Mti ulishuka kidogo, kama mtu mzee anayekaa kwa kiti, tawi lake kubwa likalala juu ya mabati ya Mideva na kuyakunja mpaka ndani. Ukuta ukapasuka kutoka juu hadi chini. Halafu mti ukasimama. Hatukulala, tulikuwa tunausikiliza.

Timothy alifika asubuhi na vijana wake. Aliuzunguka mara mbili. Nikamwambia, "Ukate. Ukate wote uishe." Ndiyo, mimi. Akasema tungoje kwanza. Alifunga kamba upande wako, kwenye nguzo za chuma alizoziacha Githinji msingini, angalau zimefanya kazi moja. Hakupanda mti wenyewe, alipanda ngazi kwa nyumba ya jirani, akaanza kupunguza upande uliotuelemea, tawi moja moja, kila moja limefungwa kamba likishushwa kama jeneza. Kila tawi likitoka mti unatikisika na sisi tunashika vichwa. Walimaliza mchana kabisa. Sasa umebaki shina na mikono mifupi, na majani upande wako tu. Timothy anasema mizizi ya upande wako ni mizima, na ukiwa mwepesi hivyo hauna cha kuuangusha. Kuishi ni jambo lingine. Anasema labda. Anasema mtu asiuguse chini, asipitishe gari, asimwage kitu, misimu miwili ya mvua, ndipo tutajua.

Fahima ameniambia alichokiona kwako. Anasema ndiyo mara ya kwanza alipandishwa mpaka juu. Alikukuta sakafuni, na chuma kwenye mguu, na magongo ukutani. Anasema ulianguka kutoka kwa jukwaa la ujenzi Desemba, na ukitaka kushuka ngazi unateremka kwa makalio. Nami nilikuandikia mambo ya viatu na matope.

Kwa nini hukusema?

Fatna

*

Gatina
18 Mei 2025

Shangazi,

Waaleikum salaam. Nimeanza hii barua mara tatu. Mideva yuko wapi sasa? Fahima hataki kuniambia. Ciru anakusalimu na alilia akisoma barua yako, na Ciru si mtu wa kulia.

Sikusema kwa sababu mwezi wa kumi na moja nilisimama mbele ya familia nikaringa. Nilisema mimi ndiye fundi wa huu ukoo, nitajenga nyumba ya mawe ambayo baba hakuwahi kujenga. Wiki chache baadaye ubao ulivunjika chini yangu kwenye mjengo wa Lavington nikaanguka ghorofa mbili. Mwenye kazi alinipeleka hospitali akaniacha kwa geti. Ningekuambia nini? Daktari anasema nitatembea, lakini ngazi nne kila siku, hapana. Nilitaka chumba cha chini kabla mtu hajajua. Nilitaka muone nyumba kwanza, halafu ndio muone mguu.

Nilikuwa nakaa hapa juu naangalia picha kwa simu, na nilikuwa nachukia huo mti. Nakuambia ukweli. Nilikuwa naona ndio unanizuia kutoka hapa.

Sasa maneno ya kazi. Nimepata fundi mwingine, mama mmoja anaitwa Waceke, amekuja mpaka huku juu tukachora. Msingi wa upande wako tunaufukia kwa udongo mzuri, bila mawe. Uzio wa mabati unazunguka mti mpaka pale kivuli kilikuwa kinaishia zamani, si pale kinaishia leo. Waceke anasema mizizi inafuata ule mti wa zamani. Hakuna mtu ataingia ndani ya uzio, hata mimi. Nyumba inarudi nyuma. Pale itakapokaribia sana hatuchimbi mtaro, tunaweka nguzo chache zilizochimbwa kwa mkono na boriti ya zege inapita juu ya mizizi bila kuigusa. Kabla ya hayo yote, tutajenga upya ukuta wa Mideva na kuweka mabati mapya.

Shida ni moja. Nikirudi nyuma hivyo, chumba cha chini hakitoshi kitanda na magongo. Itabidi ningoje, nijenge kidogo kidogo. Ni sawa. Nimezoea kungoja.

Nisamehe, Shangazi. Nisamehe kwa Mideva pia. Ciru amenitafutia namba yake, nampigia, hashiki.

Yasin

*

Kibera
22 Juni 2025

Yasin,

Salaam nyingi kwako na kwa Ciru. Mvua zimekwisha, baridi imeingia, goti langu linanijulisha kila saa. Fahima ametumwa na mwenye duka kwenda kununua vitambaa Eastleigh, amekuwa mtu mkubwa. Waceke ameanza. Ni mkali, anapiga kelele kuliko mimi. Juzi kijana mmoja aliweka toroli ndani ya uzio, akamrudisha nyumbani siku hiyo.

Mti uko. Upande wako una majani. Upande wangu hauna kitu, na sijui kama utapata. Jua linaingia moja kwa moja kwa vyumba, wapangaji wanalalamika joto hata Juni hii.

Kuhusu chumba, usingoje. Ile stoo yangu iliyo karibu na geti nimeitoa vitu. Iko mbali na mti, iko chini, mlango unafungukia uwanja, na ukuta wake mmoja tayari umepakana na nusu yako. Waceke ameipima, anasema akitoboa hapo itaungana na nyumba yako na itatosha kitanda na magongo na Ciru. Usinishukuru. Ilikuwa imejaa masufuria ya harusi za watu.

Sasa Mideva. Aliondoka mwisho wa Aprili, akapanga chumba Raila. Ukuta wake ulipokwisha na mabati mapya yakapigwa, nilienda kumtafuta. Nilimkuta kando ya njia na karai lake la mafuta, Daisy anafunga samaki kwa gazeti. Akaniwekea debe nikae. Akanipa samaki, akakataa nilipe.

Nikamwambia chumba kimekuwa kizuri, ukuta ni wa mawe sasa. Nikamwambia mti umepunguzwa, hauwezi kuangukia mtu. Akaendelea kugeuza samaki. Nikamwambia basi, kama bado unauogopa, nitauondoa kabisa, uko huru kuniambia, kwa sababu mimi na Yasin tulibishana miezi yote hii juu ya huo mti na hakuna aliyekuuliza wewe uliyekuwa unalala chini yake.

Hapo akanyanyua uso. Akasema, "Mama Fahima, mimi nimeishi chini ya huo mti miaka tisa. Watoto wangu wamekulia hapo. Ungeniambia kuna ufa, ningehamisha kitanda tukakaa upande wa pili, tukaungoja pamoja. Ningekusaidia hata kumpigia Yasin kelele. Mimi sikuhama kwa sababu ya mti."

Nilikaa kwa lile debe mpaka samaki wakaisha. Nilipoinuka aliniambia nitembee pole pole kwa lile goti. Daisy alinisindikiza mpaka barabarani.

Hicho chumba sijakipangisha. Watu wanakuja kuuliza, nawaambia bado.

Jumapili ijayo njoo. Ciru atafute gari litakalofika mpaka getini, na Waceke atatuma vijana wawili wakushike kwa ngazi. Nimewaita wapangaji wote, wangu na wale waliopakana na sisi. Nataka uwaonyeshe mwenyewe, kwa mdomo wako na mkono wako, kila mahali jembe litapita na kila mahali halitapita, na wakiuliza kitu uwajibu chote. Nami nitasimama kando yako niwaambie nilichofukia.

Nimemwambia Mideva pia. Hakusema atakuja, na hakusema hatakuja.

Shangazi yako,
Fatna